Konokono Aliyefungiwa Nje

"Huyu siyo konokono," alisema Kibogoyo. "Hiyo ni kandambili."

Darasa zima la chekechea likaangua kicheko. Ticha hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya watoto, anakitazama kitabu chake kilichoshikwa na mtu mwingine. Kitabu alikitengeneza mwenyewe. Kurasa za karatasi ngumu alizishona kwa uzi, ukurasa mmoja mmoja, na pembe akazikata mviringo zisimchome mtoto jicho. Siku hiyo kilikuwa kinapimwa. Kikifaulu, anathibitishwa kazini. Kikifeli, anasubiri mwakani.

Aliyekishika alikuwa Mkaguzi, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, amejikalia kwenye kiti cha watoto bila wasiwasi. Namna yake ya kupima vitabu ilijulikana na walimu wote, na wote waliiogopa. Kwanza mwalimu anasoma. Kisha yeye anafunika maneno kwa leso, anaonyesha picha tupu, na kuwaachia watoto waseme.

"Turudi mwanzo," alisema. "Huyu nani?"

"Konokono!"

"Anakwenda wapi?"

"Kwenye sherehe ya kuku."

"Mmejuaje na maneno nimeyafunika?"

"Si amevaa tai," alijibu Kibogoyo. Meno mawili ya mbele hakuwa nayo, lakini maneno hayakumpungukia. "Na amebeba ua. Anampenda kuku."

"Nani kakwambia anampenda?"

"Anaonekana tu."

Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Na tuseme ukweli, kurasa zile za mwanzo zilipendeza mno. Konokono alizunguka dimbwi, akamsaidia mchwa aliyepotea, akasimama kulifuta ua lake vumbi. Kila ukurasa alizidi kuchelewa, na kila ukurasa watoto walimhimiza, "Twende, twende." Balaa lilikuwa ukurasa wa mwisho.

Hapo palikuwa na mlango uliofungwa. Nje ya mlango kimelala kitu cha kahawia ambacho, kwa kweli, Kibogoyo hakukionea.

Binti mmoja mpole wa mstari wa mbele, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akauliza, "Kwa nini hawamfungulii?"

"Kwa sababu amechelewa," Ticha alijibu.

"Lakini amefika."

"Amefika sherehe imekwisha."

"Alibisha hodi?"

"Alibisha."

"Kuku hakusikia?"

Ticha akainua macho. Watoto wote walikuwa wanamtazama yeye, siyo kitabu.

"Alisikia," alisema polepole.

Yule binti akaanza kulia. Na mnajua kilio cha watoto kinavyoambukiza, haikupita muda nusu ya darasa wanalia, na Kibogoyo, aliyekuwa anajifanya mkubwa, anajifuta pua kwa mkono wa shati.

"Watoto, tokeni mkacheze," alisema Mkaguzi. "Ticha, wewe baki."

* * *

Walipobaki wawili, Mkaguzi alivuta kiti kingine kidogo, akakipiga kofi. Ticha akakaa, magoti yamemfika kidevuni.

"Mwanangu, picha hizi zote zimechorwa na mkono mmoja?"

"Hapana, mama."

"Nimeona. Ya mwisho umechora wewe."

"Ndiyo."

"Na hapa kwenye jalada, chini ya jina lako, umebandika karatasi. Umeficha nini?"

"Jina la aliyenichorea."

"Kusaidiwa kuchora kunaruhusiwa, mradi jina la mwenzako lionekane. Unalijua hilo. Lakini hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni mlango huu. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema kawia ufungiwe."

"Mwanzo haikuwa hivyo. Mwanzo alikuwa anafunguliwa, wanacheza wote."

"Ulibadilisha lini?"

"Jumapili."

"Na Jumamosi kulitokea nini?"

Ticha akainamisha kichwa. Chozi likamdondokea mkononi, kisha maneno yakatoka yenyewe.

Aliyechora ni Brashi. Jina hilo alipewa mtaani kwa kazi yake ya kuchora mabango, na yeye ndiye mchumba wa Ticha. Jumamosi Brashi alitakiwa aje nyumbani na mjomba wake kujitambulisha. Baba yake Ticha, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hata chai anakunywa kwa saa, alivaa koti tangu mchana akakaa sebuleni. Wakasubiri. Vyakula vikapoa. Simu ya Brashi haipatikani. Jua lilipozama, mzee alitoka, akafunga geti, akatia ufunguo mfukoni. Alisema, "Asiyejali saa yangu hatamjali binti yangu."

"Kisha?" Mkaguzi aliuliza.

"Kisha wakaja. Wakabisha."

"Ulijuaje kama ni wao?"

"Brashi anabisha kwa kucha kwanza, ndipo anagonga. Namjua hata nikiwa usingizini."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa, mama. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikasirika, nikaona aibu kwa ajili ya baba, nikakaa mpaka wakaondoka. Nikamtumia meseji."

Alitoa simu, akamwonyesha. "Usinitafute tena. Hii ndiyo mara ya mwisho unachelewa kwangu."

"Naona alijibu."

"Alijibu usiku ule ule. Sijaifungua."

"Ala. Kumbe na meseji hiyo ni mlango ulioufunga." Mkaguzi akavua miwani, akaiacha ining'inie. "Nisikilize. Sikupi alama sasa, wala sikufelishi. Watoto wakishakunywa chai watarudi hapa. Nataka ukurasa wa mwisho uchorwe na mkono uliochora kurasa nyingine. Mlango uwe wazi au uwe umefungwa, hilo sikuamulii. Ila liwe jambo unalolitaka kweli, siyo hasira ya Jumapili."

"Hatakuja. Na akija atachelewa."

"Basi tutamwona. Soma meseji, mwanangu."

Ticha akaisoma kwa sauti.

"Mjomba alipanda basi la upande mwingine. Nimemfuata mpaka kituo cha mwisho, simu ikanizimikia njiani. Nisingeweza kuja kwa baba bila mtu mzima, ningeonekana sina adabu. Tumebisha, hamkufungua, na sikulaumu. Niombee radhi kwa mzee. Na ukurasa wa mwisho uliobaki usiuchore wewe, nakuomba. Nitakuja kuuchora hata kama hunitaki."

Mstari wa mwisho ulimchekesha akiwa analia. Hasira yote aliyoilea tangu Jumamosi ikamtoka, akabaki na aibu tu. Akapiga moyo konde, akapiga simu.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe." Sauti ilikuwa ya uangalifu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyolowa. "Hujambo?"

"Sijambo. Uko wapi?"

"Juu ya ngazi. Naandika DAWA kwenye ukuta wa duka la dawa."

"Nimechora ukurasa wa mwisho."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Watoto wamesema ni kandambili."

Upande wa pili pakasikika mtu anayekohoa bila kikohozi.

"Cheka tu," alisema Ticha.

"Sicheki. Namhurumia konokono."

"Nimesoma meseji yako sasa hivi."

"Ile ya Jumamosi? Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nilikuwa sitaki kuisoma, niliogopa ingenilainisha. Brashi, nilisikia ukibisha. Nilikuwa pale pale nyuma ya pazia. Ufunguo alikuwa nao baba, lakini ningeweza hata kukuita dirishani. Sikukuita. Nisamehe."

"Nilijua upo."

"Ulijuaje?"

"Pazia lilicheza na upepo haukuwepo."

"Na hukukasirika?"

"Nilikasirika sana. Nilimwambia mjomba mimi basi, nimeshindwa. Kulipokucha nikajikuta nachora konokono kwenye bango la fundi baiskeli. Imebidi nimfute."

Ticha akajifuta macho kwa kiganja. "Njoo shuleni. Watoto wako kwenye chai. Wakirudi nataka wakukute. Utaweza?"

"Nimeshashuka ngazi."

* * *

Na safari hii, jamani, aliwahi. Watoto wanaingia wanafuta midomo, wanamkuta Brashi amepiga magoti sakafuni, rangi zimepangwa kwenye vifuniko vya chupa, kiwiko kimoja chekundu. Kule dukani ukuta ulibaki umeandikwa DA, na mwenye duka alikuwa anapiga simu iliyoita tu mfukoni mwa Brashi bila kupokelewa.

Alimtazama Ticha, Ticha akamtazama. Hawakusema lolote, maana Kibogoyo alishasimama katikati yao.

"Wewe ndiye fundi wa konokono?"

"Ndiye mimi."

"Ticha ameharibu."

"Nimesikia. Tufanyeje?"

"Fungua mlango."

"Nauchora wazi, sawa. Lakini mlango haujifungui wenyewe. Nani anaufungua?" Brashi aliuliza watoto, lakini macho yalikuwa kwa Ticha.

Mkaguzi akaacha kuandika.

"Kuku," alisema Ticha. "Kuku mwenyewe."

Brashi akashusha pumzi ndefu mpaka watoto wa mbele wakacheka. Brashi akaanza kuchora kwenye karatasi mpya. Mlango ukawa wazi kwa upana wote. Kuku akatokea, bawa moja bado limeshika kitasa. Konokono akaonekana kizingitini, tai imepinda, ua limenyauka, na kila mtoto akamtambua.

"Huyu ndiye," alinong'ona yule binti mpole. Kisha akamgeukia Ticha. "Kuku anasemaje?"

Ticha akachukua kalamu. Akaandika chini ya picha, akawasomea kwa sauti.

"Nilikusikia. Ingia ndani."

Brashi alikuwa anafuta brashi kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta muda mrefu baada ya kuwa safi.

"Bado hili," alisema Kibogoyo, na kabla mtu hajamzuia akawa amebandua kwa ukucha ile karatasi ya kwenye jalada. Jina likatokea, limechubuka pembeni lakini linasomeka.

Mkaguzi akafunika maneno kwa leso, akawaonyesha watoto ukurasa mpya. "Hapa kuna nini?"

"Amefika!"

"Mna huzuni?"

"Hapana!"

"Basi na mimi sina." Akainuka, kile kiti kidogo kikainuka naye, Brashi akamsaidia kukitoa. "Kitabu kimefaulu. Ticha, utathibitishwa. Na wewe kijana, nunua chaja."

Ticha akakaa chini pale pale sakafuni, watoto wakamrukia. Alisema baadaye kwamba mzigo uliomtoka siku ile hakuujua uzito wake mpaka ulipotoka.

* * *

Jioni alimweleza baba yake kila kitu, basi la upande mwingine, simu kuzima, pazia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa.

"Kwa hiyo alikwenda kumtafuta mjomba wake asije peke yake?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulisikia hodi ukanyamaza?"

"Ndiyo, baba."

"Hata mimi nilisikia," alisema mzee. "Mwambie aje Jumamosi."

Jumamosi ilipofika, saa nzima kabla ya muda, simu ya Ticha ikaita.

"Mpenzi, nimekwisha," alisema Brashi, anahema. "Mjomba hayupo. Nimekwenda kwake nimekuta kufuli. Nipo hapa stendi naangalia kila basi. Tafadhali mwambie baba—"

"Mjomba wako yuko hapa."

"Yuko wapi?"

"Hapa sebuleni. Amefika asubuhi na mapema. Anasema aliogopa kupotea, akaona bora awahi. Wanacheza drafti na baba, na baba amefungwa mara mbili."

"Kwa hiyo anayesubiriwa ni mimi."

"Ni wewe peke yako."

"Na baba anasemaje?"

"Hajasema kitu. Ametoka mara moja tu, ameweka jiwe kwenye geti lisijifunge na upepo."

"Nakuja mbio."

"Njoo taratibu, konokono wangu. Geti liko wazi."

Hakusikia hilo la taratibu. Alifika amelowa jasho, tai imekwenda begani, ua alilolibeba limevunjika shingo. Akasimama getini, akanyoosha kidole kwa mazoea ili abishe kwa kucha, na hakukuwa na cha kubisha. Ticha alikuwa amesimama hapo hapo, mkono mmoja kwenye geti.

"Nilikusikia tangu njia panda," alisema. "Ingia ndani."