Ukuta wa Tabora

Meja mstaafu Clément Chanda alikuwa amelala chali kwenye tope, shingo imepinda upande, firimbi bado iko mkononi.

Inspekta Léa Ngosa alichuchumaa, akaupapasa uti wa shingo, akainuka. Hakuna damu, hakuna jeraha la kisu wala la risasi. Mtu alikuwa ameanguka kutoka juu na kuvunjika shingo, na hilo halikuhitaji daktari.

Juu ya maiti ulisimama Ukuta wa Tabora. Hivyo ndivyo Meja mwenyewe alivyouita. Uwanja wake wa mbio za tope, huko nyuma ya uwanja wa ndege wa Luano, aliupa majina ya vita kila kona: mahandaki ya kuruka, seng'enge za kutambaa chini yake, na mwisho ukuta wa magogo wenye kimo cha watu watatu, wa kukumbuka askari wa Kongo walioiteka Tabora mwaka 1916. Bango langoni liliuliza: MABABU WALIPITA. WEYE JE? Mchezo ulikuwa jina tu. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi, washindi walipandishwa lori na kupelekwa mashariki vitani kama watu wa kujitolea, na Meja akabaki Lubumbashi kupigiwa makofi.

Kila mara, kabla vijana hawajaanza, Meja alipanda ukuta kwanza, peke yake, ili waone kwamba mzee wao haogopi kitu. Asubuhi hii alifika gogo la juu, akavusha mguu, akateleza, akashuka kichwa mbele. Shimo la chini lilipaswa kuwa na maji ya kutosha, lakini ilikuwa Juni, kiangazi, na tope lilikuwa zito na haba.

Umati ulikuwa umeshapata mkosaji wake. Kijana aitwaye Kambale alikuwa wa pili kwenye mstari, tena anazungumza kama watu wa mashariki, basi ikatosha. Mmoja alimwita "mupelelezi wa adui", wengine wakamalizia kwa ngumi. Polisi walimnyakua akiwa na mdomo uliovimba, wakamfungia ndani ya gari lao la jipu.

Kamishna alipiga simu kusema kazi imekwisha. Askari wa jeshi wangekuja saa kumi kumchukua huyo kijana, Inspekta aandike ripoti fupi. Léa alijua maana ya kuchukuliwa na askari miezi ile: mtu wa mashariki akipanda lori lile, ndugu zake hawapati tena habari zake. Akajibu kwamba ripoti fupi huandikwa na wavivu. Kamishna akakata simu.

Alifungua mlango wa jipu.

"Meja alipoanguka, ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake."

"Uligusa ukuta?"

Kambale alifuta damu mdomoni.

"Unaogopa nani, mutoto? Mimi ao hawa bantu?"

"Andika ni mimi," alisema. "Bamalize."

Léa alimtazama sana. Miaka yote ya kazi alikuwa amehoji wezi, wauaji na waongo wa kila namna, na asiye na hatia huwa anapiga kelele. Huyu alikuwa anamkinga mtu. Akafunga mlango taratibu, akaomba ngazi ya uwanjani.

Kule juu alipitisha kiganja kwenye gogo la mwisho. Tope jekundu, kama la magogo mengine yote. Alishuka akanawa kwenye ndoo, na tope la kiganja cha kushoto likaondoka mara moja. La kulia likakataa. Alisugua, akasugua tena, maji yakawa yanateleza juu ya ngozi na kumkimbia. Ikabidi aombe sabuni kama mtu aliyetoka kula sombe ya majani ya muhogo kwa mkono. Akanusa vidole.

Mawese! Mafuta mekundu juu ya tope jekundu, jicho lingeyaonea wapi?

Alichukua sampuli kwa ajili ya maabara, ingawa maabara yenyewe wakati ule haikuwa hata na umeme. Kichwa chake kilikuwa kimeshafika mbali zaidi. Asubuhi za Juni Lubumbashi kunakuwa na baridi ya kuuma masikio, na mawese yanaganda ndani ya bidoni, lile dumu la plastiki, hayatoki hata ukiligeuza. Gogo lilikuwa limepakwa vizuri, mafuta yameingia mpaka kwenye nyufa. Aliyeyapaka alikuwa na moto.

Wenye moto uwanjani walikuwa wanawake wawili tu, wauza chakula langoni. Glodie alikaanga mikate kwa mafuta meupe ya dukani, na alikuwa mwepesi wa kusema. Alieleza kwamba mwenzake, Mama Émerance wa maharagi, alifika mbele ya watu wote, akawasha mbabula yake, jiko la makaa, lakini hakuteleka sufuria. Alikalisha bidoni karibu na makaa. Alipoulizwa, alisema anapasha mikono moto.

Umati ulikuwa umeondoka, Mama Émerance bado yupo, anakoroga maharagi ambayo hakuna atakayeyanunua. Zamani alikuwa mfanyabiashara wa jumla katika mtaa wa Kenya, hapohapo Lubumbashi, maharagi yake yakishuka kwa malori kutoka Butembo. Njia zikafungwa, malori yakachomwa, sasa anauza kwa sahani.

"Mama, unangoja nini?"

"Mutoto wangu. Ule munafunga mu jipu."

"Kambale iko wako?"

"Wangu."

"Una bavulana wangapi?"

"Moja tu."

Léa alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa amepanga chumba miaka mingi mtaa huohuo wa Kenya, ua mmoja na watu wa Butembo, na alikuwa amebeba watoto wao mgongoni.

"Usinidanganye, mama. Kwenu Kambale ni jina la kijana wa pili. Wa kwanza iko wapi?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Nzanzu," alisema Mama Émerance. "Alikuwa wa kwanza hata kwa mbio. Alipita huu ukuta mbele ya bote, Meja akamubeba begani."

Mengine aliyasema huku anatazama makaa. Meja aliapa kwamba Nzanzu atakuwa mwalimu wa mazoezi tu, hatasogea mstari wa mbele. Baada ya wiki chache Meja alikuja nyumbani na bendera na gunia la mchele. Maiti hakuna, kaburi hakuna. Akamwita mama wa shujaa, akakaa, akanywa chai.

"Akamaliza chai, akauliza: na mudogo wake, anakimbia vizuri? Chai yangu, mu nyumba yangu, matanga haiyaisha!"

Léa alisogeza kigoda karibu. Akasema polepole, kama anayemwonyesha mtu mlango.

"Pengine ulitaka Kambale ateleze. Avunjike mguu, abaki nyumbani, umupikie. Hukufikiri kama Meja atapanda kwanza. Ile naweza kuandika, na mahakama itakuhurumia."

Mama Émerance aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

"Weye iko muntu muzuri, lakini usinifanye mujinga. Nauzisha hapa tangu mbio ya kwanza. Najua nani anapandaka mbele. Kungali giza nilipanda na ngazi yabo, nikapaka. Nilitaka aanguke yeye. Kufa, ile niliachia Mungu."

"Na kama angepona?"

"Mbio ingekufa. Mukubwa akianguka mbele ya batoto, nani atapanda lori yake tena? Andika vile. Na jina ya Nzanzu uandike muzuri, batu ya mahakama baisome."

Léa aliandika. Hakuacha hata neno moja, mama akatia dole gumba.

Lori la askari liliingia kabla ya saa kumi. Ofisa wao alimtaka mtu wa mashariki. Léa alisimama mbele ya jipu, akamwonyesha taarifa ya kukiri, akasema mtuhumiwa ni raia, kesi ni ya polisi, na anayetaka kubishana aende mahakamani. Ofisa aliisoma mara mbili. Alipofika jina la Nzanzu alimtupia mama jicho kama anayelijua jina hilo, akamrudishia Léa karatasi, akapanda lori.

Kambale alitolewa. Alipoona pingu kwenye mikono ya mama yake alianza kulia na kusema ni yeye mwenyewe, si mama, aliyepaka.

"Nyamaza," alisema Mama Émerance. "Nenda nyumba, ukule, ufunge mulango. Na muntu akikuja kukuita kukimbia, umwambie mama yako alikatala."