Viatu Vyenye Kibati

Ghislaine alikutana na Firmin katikati ya miguu ya watu. Ilikuwa Jumanne ya kuamkia Kwaresima, mji mzima wa Binche, huko Ubelgiji, uko barabarani, na yeye kwa ufupi wake haoni ila makoti. Hakujali. Sherehe ile aliijua kwa chini: viatu vya mbao vikigonga mawe, kengele za kiunoni, majani makavu yakidondoka kutoka kwenye nguo zilizojazwa za wachezaji, wale waitwao Gille. Kiatu kimoja kilikuwa na ufa, akamwambia mwenyewe. Firmin, fundi wa mapaa, aliinama hata manyoya ya mbuni ya kofia yake yakamtekenya Ghislaine puani. Akacheka, akampa chungwa mkononi, moja ya yale ambayo Gille huwagawia watu.

Kile kiatu akakipiga kibati, kikawa kinalia kuliko vyote. Kwa miaka miwili walipendana sana, simu kila jioni, Ghislaine akiitwa "Kifupi changu", Firmin "Mlingoti".

Mwaka jana, asubuhi ya sherehe, Firmin alimwomba binamu yake ambebe Ghislaine mabegani apate kuona, bila kumuuliza mwenyewe. Ghislaine alimjibu Firmin kwamba yeye si mtoto wala si mzigo. Mchana alimngojea mahali pake, mbele ya duka la dawa. Kibati kililia, kikapita, chungwa halikuja. Alipiga simu mara tatu, haikupokewa. Naye ana kiburi chake, hakupiga tena.

Mwaka huu kundi baada ya kundi lilipita na kibati hakikulia. Ghislaine aligeuka aende zake, akamkuta Firmin nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, mifupa ndani ya blanketi.

"Umekuja kunirudishia jingine?" Firmin akauliza.

"Jingine lipi?"

"Chungwa. Nilikurushia hapa hapa, likanirudia kifuani."

Kwa watu wa Binche, kumrudishia Gille chungwa lake ni kumtemea mate.

"Sikuliona, Firmin. Mbele yangu palikuwa na migongo mitatu. Nilidhani umeninyima."

"Na zile simu?"

"Nilitaka kukuuliza kwa nini."

Firmin alifumba macho. Mwaka mzima umekwenda, na aliyelirudisha lile chungwa hajulikani hata leo. Kikohozi kilimshika, kilipomwachia akasema ni mapafu, na kwamba daktari hatarajii kwamba ataiona Pasaka. Ghislaine alilia waziwazi, na hasira zake zote zilikuwa juu yake mwenyewe.

"Kutoka huku chini sioni kitu," Firmin akasema. "Wewe hufurahia nini?"

"Usiangalie, sikiliza. Huyo anayeburuta mguu ni nani?"

Firmin akatega sikio, kisha akatabasamu. "Binamu yangu. Mvivu tangu zamani."

Walikaa hivyo mpaka ngoma zikawa mbali, vichwa vyao vikiwa sawa.

"Viatu vyangu nimempa yeye, ataanza kuvivaa mwakani," Firmin akasema. "Ukikisikia kibati, Kifupi changu, usitazame juu."

Ghislaine akamfunika mikono kwa blanketi.

"Mimi nilitazama juu lini?" akasema.