Kilima Kilichoimba Wakati wa Mvua

Nyuma ya nyumba ya Seonag kulikuwa na kilima. Kilikuwa cha mviringo, cha kijani, kimekaa peke yake bondeni kama chungu kilichofunikwa. Hakuna aliyelisha kondoo pale.

"Kina wenyewe," alisema Beathag, mama mkwe wake. Hakuwataja jina. Aliwaita Wale Watulivu, viumbe wasioonekana walioishi ndani ya kilima. Kila Jumatatu aliwamwagia maziwa kwenye jiwe lenye shimo, chini ya kilima. Paka wa jirani alinenepa sana mwaka ule, lakini hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kondoo wao ishirini na wawili walilala zizini, kwenye nyasi kando ya mto. Wote walikuwa na mimba. Familia haikuwa na mali nyingine.

Siku moja ya Aprili, Torcuil, mume wa Seonag, alikwenda sokoni. Mvua ikanyesha, na theluji ya milimani ikayeyuka. Kufika adhuhuri daraja lilikuwa limezama. Torcuil hangeweza kurudi.

Seonag alikimbilia mtoni. Maji yalikuwa yamefika kwenye kwato za kondoo. Akatazama huku na huku. Palibaki mahali pamoja tu pakavu: kilimani.

Ndipo akakisikia. Kilima kilikuwa kinaimba. Mmm, mmm, chini kwa chini, kama watu wengi waliofumba midomo.



"Usithubutu!" Beathag alipiga kelele kutoka mlangoni. "Shangazi yangu alipanda pale kutafuta mbuzi. Alirudi na nywele nyeupe!"

"Alikuwa na miaka sabini, Mama Beathag," ilisema sauti nyuma ya Seonag. Alikuwa Fearchar, jirani yao, mchimba changarawe za barabara. Alikuja amelowa, koleo begani. "Seonag, unangoja nini? Wapandishe!"

"Husikii? Wanaimba!"

"Nasikia. Njoo."

Fearchar alichimba ubavuni mwa kilima, akamwekea Seonag kokoto mkononi. "Zishike. Zina kona?"

"Hapana. Laini kama mayai."

"Jiwe la mlimani lina kona. Hizi zilisuguliwa na maji. Zamani mno bonde hili lilijaa barafu, nene kuliko mlima ule. Maji yalipita chini ya barafu, yakabeba kokoto na mchanga, yakavirundika hapa. Barafu ikayeyuka, rundo likabaki. Nimechimba vilima saba kama hiki. Sijamkuta mtu, hata kiatu."

"Na wimbo?"

"Mvua inapenya katikati ya kokoto. Weka sikio pale chini, kwenye chemchemi."

Seonag alipiga magoti, akatega sikio. Mmm, mmm. Maji baridi yakamrukia sikioni, yakitoka kilimani kwa mlio uleule.

"Maji hayasimami juu ya kokoto," alisema Fearchar. "Ndiyo maana juu hapaloi. Lakini mto hautakungoja wewe."

Nyuma yao kondoo mmoja alilia. Maji yalikuwa yamemfika tumboni.

Seonag aliingia nyumbani, akachukua kisu. Watu wa bonde lile huchomeka chuma mlangoni mwa Wale Watulivu, wasije wakafungiwa ndani. Alikichomeka chini ya kilima, akapumua.

"Sasa hicho cha nini?" aliuliza Fearchar.

"Wewe una sayansi yako, mimi nina kisu changu. Sukuma kondoo!"

Waliwasukuma mmoja mmoja. Kila hatua Seonag alingoja ardhi ifunguke. Haikufunguka. Alipomfikisha wa mwisho juu, akageuka. Pale walipolala kondoo palikuwa mto mtupu, na mlango wa zizi unaelea.

Wana-kondoo watatu walizaliwa juu ya kilima jioni ile, mahali pakavu.

Torcuil aliporudi, alijenga zizi jipya kilimani. Sasa kila majira ya mvua watu wa bonde huhamishia mifugo yao kwenye vilima vya kokoto, kabla mto haujapanda.

Beathag naye hukaa pale akifuma soksi. Mfukoni ana msumari mkubwa wa chuma.

"Mama, huo wa nini?" Seonag humuuliza.

"Wa kutundikia soksi," husema Beathag, na hukitazama kilima kisicho na hata mti wa kupigilia msumari.