Mibonyezo Arobaini Kila Asubuhi

"Thelathini na tisa. Arobaini."

Fundi saa akaiweka simu kifudifudi juu ya meza ya kazi, akavuta kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Kinyozi wa chumba cha jirani, aliyekuja kuazima bisibisi ndogo, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Mzee, kila asubuhi unahesabu nini?"

"Dawa."

"Dawa arobaini? Basi huo ugonjwa hauna adabu."

Fundi alimpa bisibisi bila kucheka. Kinyozi akaenda zake.

Haikuwa dawa. Yalikuwa matangazo ya biashara kwenye blogu ya mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji. Alianza kuandika mtandaoni jinsi ya kukata mkono wa gauni, jinsi ya kuokoa kitambaa kilichokatwa vibaya, na jinsi ya kumwambia mteja mnene vipimo vyake bila kumvunjia heshima. Aliandika miezi minane bila kupata hata senti. Jioni moja, sebuleni kukiwa na wageni, akiwamo dada wa mkewe, fundi alivaa miwani, akafungua moja ya makala zile na kuisoma kwa sauti ya puani, kama karani wa mahakama. Wageni walishika mbavu. Mkewe alitoka jikoni na sinia, akampa kila mgeni kikombe chake, akamwuliza kila mmoja kama sukari inatosha. Kesho yake alibeba cherehani na kuhamia chumba cha uani kwa dada yake.

Miaka miwili sasa. Hakudai talaka, wala hakurudi. Fundi alisubiri mkewe arudi mwenyewe. Mkewe, bila shaka, alisubiri afuatwe. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alikataa kuwa kati.

"Baba, mimi si posta," alimwambia. "Mama ana simu, na wewe una simu."

Nyumbani fundi alikuwa na saa sita za ukutani, zote zikienda sawasawa, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba amechelewa. Alikula akiwa amesimama. Kitandani alilala upande wake uleule, kana kwamba ule mwingine umewekewa mtu nafasi.

Aliisoma blogu. Humo alijua mkewe amebadilisha miwani, na kwamba goti la kushoto linamsumbua akikanyaga cherehani. Wiki ambayo hakuandika kitu, fundi alishindwa kufanya kazi mpaka makala mpya ilipotoka na kueleza kwamba ilikuwa homa tu. Siku zote alisoma kimyakimya, bila kuacha hata neno moja chini ya makala.

Miezi saba nyuma alikuwa amemwuliza kinyozi, akijifanya anauliza kwa niaba ya mteja, watu wa blogu hula wapi. Kinyozi, aliyewahi kuwa na blogu ya mpira ikamfia mikononi, alimweleza kwa urefu. Wapo wanaolipwa na wenye maduka ili wasifie bidhaa zao. Wapo wanaouza masomo, na mshonaji angeweza kuuza ramani za nguo, ile michoro ya kukatia kitambaa. Na wapo wanaoweka matangazo: msomaji akilibonyeza tangazo, mwenye blogu anapata chake.

Fundi aliyapima hayo usiku kucha. Duka la vitambaa hakuwa nalo. Kununua ramani ya gauni, hata kama mkewe angeiuza, asingeweza, maana jina lake lingeonekana kwenye malipo. Kilichobaki ni kubonyeza.

Akabonyeza. Kila Jumatatu alinunua bando la intaneti, na kila asubuhi alibonyeza mara arobaini kabla ya kugusa saa ya mteja. Kwa miezi saba alitembelea maduka ya matrekta, nepi za watoto na tiketi za ndege, yeye ambaye hata kiti cha kukalia hakuwa amebadilisha. Ndiyo saa pekee ya siku aliyojiona ni mume wa mtu.

Jumanne moja alifungua blogu akakuta hakuna tangazo hata moja. Ukurasa ulikuwa mweupe kama ukuta uliotolewa picha. Juu kulikuwa na maneno machache:

"Wasomaji wangu, kampuni ya matangazo imenifungia akaunti. Wanasema nimeiba kwa mibonyezo ya uongo, yote kutoka simu moja. Sijawahi kugusa tangazo langu. Mapato ya miezi mitatu wameyazuia, na fremu ya duka niliyotaka kupanga nimeikosa. Namjua aliyenifanyia hivi. Nilimfundisha mimi mwenyewe kushika mkasi, leo ana blogu yake na ananitakia mabaya. Mungu anamwona."

Chini yake wasomaji walikuwa wamekwisha kumpata huyo mwanafunzi na kumtukana kwa jina.

Fundi alikwenda kwa kinyozi, akamkuta ana kichwa cha mteja mkononi.

"Mtu akibonyeza matangazo mengi," akauliza, "mwenye blogu anafungiwa?"

"Akizidisha, ndiyo. Wana mitambo inayoona kila kitu. Wanajua ni wizi."

"Hata kama mwenye blogu hajui?"

"Hata kama yuko msibani." Kinyozi alizima mashine, akamtazama. "Mzee. Ile dawa yako ya asubuhi."

Fundi aliinamisha macho kwenye nywele zilizotapakaa sakafuni. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa naye aligeuka kumtazama.

Alirudi dukani, akakaa na simu. Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Hakuna mtu aliyejua isipokuwa kinyozi. Lakini binti wa watu alikuwa anatukanwa, na mkewe alikuwa anaitwa mwizi. Aliandika ujumbe, akafuta. Akaandika mwingine ulioanza na salamu ndefu, nao akafuta. Mwishowe akatuma huu:

"Niliyebonyeza ni mimi. Yule binti hana kosa. Nilidhani nakuongezea. Mumeo."

Zilipita dakika kumi na saba. Simu ikaita.

"Mara ngapi?" Mkewe hakusalimu.

"Arobaini. Kila asubuhi."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

Kwenye simu alisikia cherehani ya mtu mwingine ikienda kwa mbali.

"Miezi saba umekuja kwangu kila siku, na hukuweza kuandika hata 'nimesoma'?"

"Niliogopa hutajibu."

"Kwa hiyo ukaona afadhali unifilisi."

"Sikujua, mama watoto."

"Hujui, na hukuuliza. Ndivyo ulivyo. Unajua nimemwandikia nini yule mwanafunzi wangu? Namwitaje sasa?"

Fundi aliihamishia simu sikio la pili. Mkewe akapumua, kisha sauti ikawa ya kazi. Alisema anaruhusiwa rufaa moja tu, mwisho wake Ijumaa saa kumi jioni, na ndani yake lazima aeleze nani alibonyeza na ana uhusiano gani naye.

"Niandike wewe ni nani kwangu? Sikuulizi kwa uchungu. Wana kisanduku cha kujaza."

"Andika mume."

"Hilo nimeshaliandika. Chini yake nimeandika haishi nami. Wakikuta uongo wa pili wananifungia moja kwa moja."

"Usiitume kwanza," fundi akasema. "Nije."

"Uje ufanye nini?"

"Nije tu."

"Ijumaa, kabla ya saa kumi," mkewe akasema, akakata.

Ijumaa hiyo fundi alifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua. Mlango ulifunguliwa na dada wa mkewe.

"Shemeji. Umepotea njia?"

"Nilipotea. Naomba na wewe ukae, shemeji, maana siku ile ulikuwepo."

Mkewe alikuwa mbele ya kompyuta, blanketi magotini. Alikuwa amekonda shingoni. Kwenye skrini kulikuwa na makala mpya yenye kichwa cha neno moja, Samahani, na ndani yake jina la yule mwanafunzi. Fundi hakukaa. Alisimama kama anayejibu swali darasani.

"Siku ile nilisoma maneno yako kwa kejeli kwa sababu yalikuwa mazuri," akasema. "Mimi nimekwenda shule ya jioni miaka minne nipate cheti, nikajiona ndiye msomi wa nyumba. Wewe bila cheti ulikuwa unasomwa na watu. Nikaona wivu, nikauvalisha utani. Naomba unisamehe."

Dada mtu alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Na mimi nilicheka," akasema. "Nilidhani ni utani wa mtu na mkewe."

Mkewe aliwatazama wote wawili. Akavuta kigoda kwa mguu wa kulia, ule mzima, akakisogeza karibu na meza.

"Kaa. Soma, uone kama nimekosea mahali."

Fundi alivaa miwani, akasoma kimya. Rufaa ilikuwa fupi na safi. Mume wangu ni fundi wa saa. Hajui mambo ya mtandao. Alidhani ananisaidia. Haishi nami. Kwenye sentensi ile ya mwisho jicho lake lilikaa muda mrefu.

"Hii bado umeiacha."

"Ndiyo ukweli wa leo."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Mkewe akasogeza mkono, akabonyeza mara moja, na barua ikaondoka. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini.

"Wanajibu baada ya muda gani?" fundi akauliza.

"Wiki mbili. Pengine zaidi. Na wanaweza kukataa."

"Wakikataa?"

"Nitauza ramani za nguo na masomo. Nitaanza upya." Alivua miwani, akafuta vioo kwa pindo la blanketi, bila kumtazama. "Wakijibu, utakuwa wapi?"

"Hapa," fundi akasema. "Ukinikubalia."

Mkewe alivaa miwani yake tena, akamwambia dada yake atafute godoro la pili.