Mpangaji wa Stoo ya Chini

Mkaguzi wa halmashauri alipanda kutoka stoo ya chini huku akijifuta mikono kwenye suruali, akauliza swali ambalo Tazeem Akhtar alikuwa akilikimbia tangu enzi za ubibi harusi wake.

"Yule bibi anayefagia kule chini, naye ni mpangaji?"

Tazeem alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbini. Goti la kulia lilimuuma kama kawaida yake siku za mvua, na kule Lankashaya, Uingereza, siku za mvua ndizo siku zenyewe. Alimtazama Donna, mpangaji wake. Donna akautazama mlango wa stoo.

"Bibi gani?" Donna akauliza.

"Sura sikumwona, kanipa mgongo. Yuko kwenye ile pembe ya nyuma. Nimemsalimu, hakuitika." Mkaguzi huyo, jina lake Craig, alikuwa kijana mpole mwenye mafua. "Si kwa ubaya, lakini lazima nijue kila anayeishi humu. Tunainunua nyumba pamoja na watu wake."

"Tuko wawili tu. Mimi na baba."

Kutoka chumba cha mbele mzee Ron, babake Donna, aliyelazwa humo na mpira wa oksijeni puani, akacheka kicheko chake cha kukoroma. "Mwambie huyo bibi aje afagie na huku," akasema. "Huyu binti yangu na ufagio hawajuani."

Craig naye akacheka, kwa adabu. Tochi yake alikuwa ameisahau kule chini, na Donna alipomkumbusha alisema si kitu, anazo nyingine ofisini. Angerudi wiki ijayo kuikagua nyumba mara ya mwisho. Akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Nyumba ile ilikuwa imemchosha Tazeem hadi kwenye mifupa. Mahmood, mumewe, aliinunua walipokuwa vijana, wakalea humo, wakahama, wakaipangisha. Alipofariki, Tazeem akaachiwa paa linalovuja, mtambo wa maji moto unaozimika kila baridi ikichachamaa, na simu za asubuhi. Sasa alitaka kuuza akaishi kwa Adeel, mwanawe wa pekee, ambaye mkewe Hira alikuwa mjamzito na amekaribia kujifungua. Adeel alitaka wapangaji watoke, nyumba ipelekwe mnadani, mambo yaishe. Tazeem akakataa. Mzee Ron hakuwa mtu wa kuhamishwa. Daktari alishamwambia Donna kwamba pilikapilika za kuhama zingeweza kumkatisha pumzi. Halmashauri ilikuwa ikinunua nyumba za mtaa ule na kuwaacha wapangaji humo humo, na Tazeem aliona hapo pana uungwana. Yeye apumzike, na Donna asitupwe nje na baba mgonjwa.

"Sawa, Ami," Adeel alikuwa amemwambia mama yake. "Lakini halmashauri wakikataa, naipeleka mnadani, nami nisilaumiwe."

Mambo hayo aliyajua Adeel. Habari za stoo hakuzijua, ingawa yeye ndiye aliyekuwa chanzo chake.

Ilikuwa mchana, Adeel akiwa mchanga, ndiyo kwanza ametimiza arobaini. Tazeem alitoka uani kuanika nepi, na aliporudi kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Alimkuta stoo, juu ya rafu ya jiwe ambayo wenyeji wa zamani walikuwa wakiwekea nyama. Amezongwa blanketi lake kutoka mabegani hadi miguuni, kwa mkunjo ambao Tazeem hakufundishwa na mama yake wala na mkunga yeyote, umebana, na fundo moja limekaa katikati ya kifua. Blanketi lilikuwa limeloa, linanuka sufu mbichi kama kondoo aliyenyeshewa. Mtoto alikuwa akicheka. Macho yake yalifuata kitu kilichokuwa kikitembea taratibu chini ya dari, na kwenye pembe ya nyuma, pasipokuwa na mtu, ufagio ulikuwa ukifagia.

Mahmood alirudi kutoka kiwanda cha nguo, akasikiliza, wala hakupiga kelele. Alivua kofia akasimama juu ya ngazi za stoo, kama mtu aliyekwenda kuzungumza na jirani habari za ua. "Bibi," akasema, "wewe umetangulia, sisi tumekuja. Chini kwako, juu kwetu. Mtoto usimguse. Maadamu nyumba hii iko mkononi mwangu au mwa mke wangu, hakuna atakayekusumbua, na kila Alhamisi utapata chako."

Ufagio ulinyamaza kidogo, halafu ukaendelea kwa sauti ya chini. Ikawa mapatano.

Chake kilikuwa bakuli la wali wa sukari usiotiwa chumvi, maana majini na chumvi hawapatani. Hata baada ya kuhama, hata baada ya kufiwa, Tazeem aliupika wali huo kila Alhamisi, akapanda basi na kushuka, akapanda jingine, bakuli limefunikwa kitambaa mapajani. Donna alidhani ni la paka. Tazeem hakuogopa tena. Kuogopa kunataka nguvu, na zake zilikwisha kitambo. Alichotaka duniani ni Alhamisi moja ya kukaa tu kwenye kiti, amnyanyue mjukuu wake, asiende popote.

Siku tatu baada ya Craig kuja, Donna akapiga simu. "Bi Akhtar, njoo. Njoo sasa hivi, tafadhali."

Harufu ilimpokea Tazeem mlangoni kabla hajavua viatu. Sufu mbichi. Ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye mkate, hata kwenye nywele za Donna. Kitanda cha Ron, kile kizito cha hospitali ambacho wanaume wawili walikiingiza kwa jasho, kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mlango wa stoo, na mzee mwenyewe amezongwa blanketi lake kutoka mabegani hadi miguuni. Lilikuwa limeloa. Na fundo moja lilikuwa limekaa katikati ya kifua chake.

"Mpira wa oksijeni ulikuwa umetolewa puani kwa uangalifu, huo nimemrudishia," Donna akasema kwa sauti ndogo. "Hilo blanketi nimeshindwa kulifungua. Nilikwenda kuchemsha chai. Chai tu."

Tazeem alipiga goti lake bovu chini, akalifungua fundo. Vidole vyake vililijua.

"Mikono yake ya baridi, binti," Ron akanong'ona. "Hakunifanyia ukali. Kanifunga kama mtoto." Masihara yote yalikuwa yamemtoka.

Donna alikuwa anamtazama Tazeem usoni. "Kumbe unajua," akasema. "Unajua ni nini, na ukanipangisha."

"Ninajua."

"Miaka yote hii nakuona na lile bakuli. Nikasema, masikini, mama wa watu anapenda paka." Donna akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Alikuwa ametoka zamu ya kazi asubuhi ile, na hata hasira yake ilikuwa na usingizi. "Craig anarudi Jumatatu. Akikuta hali hii hawanunui. Wasiponunua, mwanao anatutoa. Sasa nikuulize, baba yangu nitampeleka wapi?"

"Hamtoki. Atatoka yeye," Tazeem akasema, na papo hapo akaona haya, kwa sababu alisema kama mtu mwenye uwezo.

Hafiz Inayat, aliyeitwa na Tazeem, alikuja siku iliyofuata, alasiri, na mwezi wa Desemba huko alasiri ni giza tayari. Mchana aliuza mapazia. Baada ya mapazia aliwasomea Kurani watu wenye majini. Alikuwa na nyumba nyingine mbili za kwenda jioni hiyo, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya dereva wa malori. Aliomba maji, akayasomea, akamnywesha Ron, ambaye alikunywa bila swali. Halafu akafungua mlango wa stoo.

Taa ya stoo ilikuwa inawaka. Lakini mwanga wake uliishia ngazi za juu, na chini ya hapo palikuwa peusi. Kutoka huko weusini ufagio ulisikika ukifagia, polepole, kama wa mtu anayesubiri wageni.

Hafiz alisoma, akanyamaza, akasikiliza, akasoma tena. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Mwishowe akamgeukia Tazeem.

"Dada, huyu si mkorofi," akasema kwa kunong'ona. "Amesikia nyumba inauzwa pamoja na wapangaji wake, naye hakuambiwa. Mapatano yake ni na mkono wako, na mkono wako unaachia. Anauliza yeye ni wa nani sasa."

"Umwambie aende zake."

"Si mimi. Mwenye nyumba ni wewe mpaka utie sahihi. Mwambie mapatano yamekwisha, arudi alikotoka. Mara tatu. Usiongeze neno, dada. Hawa wanashika neno kama wakili."

Tazeem akasimama pale pale aliposimama Mahmood na kofia yake mkononi. Akasema mara ya kwanza, ufagio ukaendelea. Akasema mara ya pili, ukaendelea. Akasema mara ya tatu, ukaanguka, na mlio wa mti kwenye jiwe ukapanda hadi kwenye meno yake. Kisha ngazi ya chini kabisa ikalia, ikafuata iliyo juu yake, na harufu ya sufu ikazidi mpaka Donna akaziba pua, na kilichokuwa kinapanda hakikuwa na haraka, kilipumzika kila ngazi kama wanavyopumzika watu wenye magoti mabovu, kama anavyopumzika Tazeem mwenyewe, kikavuka sehemu yenye mwanga bila kuonekana, kikampita ubavuni kwa karibu hivi kwamba ubaridi wake ulimloweshea mkono wa kanzu, kikapita mbele ya kitanda cha Ron aliyefumba macho na kuuma blanketi, kikaelekea mlango wa mbele, na Hafiz akanong'ona bila kuinua kichwa, "Mfungulie, dada, mfungulie," naye Tazeem akatangulia akichechemea, akaufungua mlango wa mbele, akakaa upande kumpisha.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Ubaridi ulisimama kizingitini, haukutoka mara moja. Tazeem akahisi kwamba anatazamwa. Akawaza kwamba huyu ndiye aliyekuwa naye tangu usichana wake, kabla ya mtoto kutambaa na baada ya mume kuzikwa. Hakuna mwingine hai aliyemjua muda wote huo. Akamwonea huruma, hilo nalo lazima lisemwe.

Na kwao mtu hamtoi mgeni mlangoni kimyakimya. Hata mgeni aliyekuudhi, hata mwenye kudai, unamsindikiza na unamwambia maneno yale yale ambayo mama yako aliyasema na bibi yako aliyasema, na ulimi wa Tazeem ulikuwa umeyasema maelfu ya mara bila kumwomba ruhusa.

"Karibu na kwetu siku moja," akasema. "Kwetu ni kwako."

Ubaridi ukatoka. Mvua kwenye njia ya bustani ikapinda kidogo, kisha ikanyooka.

"Umesema nini?" Hafiz akauliza kutoka ndani.

Tazeem alishika kitasa. Alikuwa amechoka mno, na goti lilikuwa linawaka moto, na ndani mzee Ron alikuwa ameanza kulia kwa nafuu.

"Sijasema kitu," akajibu.

Jumatatu Craig akaja, akaikuta stoo kavu, inanuka vumbi tu, na tochi yake imewekwa wima kwenye ngazi ya juu. Halmashauri wakanunua. Siku Tazeem alipotia sahihi, Donna alimkumbatia barazani kwa muda mrefu, na Ron akamwita kutoka kitandani: "Binti, tuletee tena wali wa paka. Safari hii utie nyama."

Akahamia kwa Adeel. Nyumba mpya, ya matofali mekundu, juu ya zege tupu. Tazeem alikuwa ameuliza kwanza kama ina stoo ya chini, Adeel akacheka, akasema nyumba za siku hizi hazina. Mjukuu akazaliwa, msichana, wakamwita Zimal. Alhamisi ya kwanza Tazeem alikaa kwenye kiti. Na ya pili. Alikaa na kutazama mvua dirishani, miguu juu ya kigoda, na akamshukuru Mungu kwa sauti.

Zimal alipotimiza arobaini walialika watu, wakala, wakaondoka. Kesho yake mchana nyumba ilikuwa imetulia. Tazeem alikuwa ameanza kusinzia kitini, ndipo Hira akashuka na mtoto kifuani, anatabasamu.

"Ami, asante kwa kumnyamazisha," akasema. "Nilikuwa naoga nikamsikia analia, halafu nikamsikia anacheka. Umemfunga vizuri. Mkunjo huo utanifundisha?"

Tazeem hakuwa amepanda ghorofani siku nzima.

Alimpokea mtoto. Alikuwa amezongwa kutoka mabegani hadi miguuni, mkunjo umebana, na fundo moja katikati ya kifua. Zimal alikuwa bado anacheka. Macho yake yalikuwa juu ya bega la bibi yake, yanafuata kitu taratibu.

"Blanketi tu ndilo limeloa," Hira akasema. "Sijui ulilianika wapi, lina harufu."

Chini ya zege, pasipokuwa na kitu ila udongo, ufagio ukaanza kufagia.

Tazeem alimrudishia mtoto mama yake. Akashika mikono ya kiti, akajinyanyua kidogo kidogo mpaka goti likakubali.

"Leo Alhamisi, siyo?"

"Ndiyo, Ami. Kwani unataka kwenda wapi na mvua hii?"

"Siendi popote," Tazeem akasema. "Nipe sufuria na mchele. Na hiyo chumvi iweke mbali."