Ng'ombe wa Baba Yake Ryoba

Saa 2:00 asubuhi. Makoko.

Nyuma ya mashine ya kusaga, Bonifasi alichora barabara kwa unga mezani. Musoma huku, Bunda kule. Katikati, Kiabakari, akaweka punje ya mahindi. Gari la mabondo, vibofu vya sangara vyenye bei ya dhahabu, lingepita saa sita. Ryoba avushe ng'ombe, gari lisimame. Silasi na Benjamini wamalize kwa bastola. Yeye Bonifasi angewangoja na boti, wakimbilie kisiwa cha Rukuba.

Ryoba akauliza, "Na mimi?"

"Wewe baki na ng'ombe, nakufuata mwenyewe na pikipiki. Mimi siachagi mtu."

Yakaisha. Yule bwana alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, lakini si ulimi tu. Mama yake Ryoba alipofariki, ndugu walitegeana. Bonifasi ndiye aliyeshika jembe, akachimba kaburi mpaka viganja vikachubuka. Tangu siku ile, kwa neno lake, Ryoba hakugusa gongo tena. Na Bonifasi alipomwambia kwamba Benson, mwenzao aliyekamatwa Bunda mwaka jana, aliwauza wenzake, Ryoba alitema mate.

Saa 6:10 mchana. Kiabakari.

Ng'ombe kumi na wawili walijaa barabarani. Breki zikalia. Risasi moja hewani, dereva akalala chini. Dakika tatu tu, mabondo yakahamia kwenye gari lao, Noah.

Silasi akamshika Ryoba mkono. "Panda. Waache ng'ombe."

"Bonifasi anakuja."

"Benson naye aliambiwa asubiri."

Ryoba akaung'oa mkono wake. Awaache vipi? Walikuwa na chapa ya baba yake pajani, na mzee alidhani wako malishoni. Noah ikaondoka.

Saa 6:40.

Ryoba akapiga simu ya Bonifasi; ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Akapiga tena.

Saa 7:15.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Hakuna pikipiki. Sasa Ryoba akaelewa: Bonifasi alijua fika kwamba mtoto wa mfugaji hawezi kutupa ng'ombe wa babaye. Ndiyo maana alimchagua yeye. Jioni, kule Rukuba, Silasi na Benjamini wangeambiwa Ryoba kawauza, nao wangetema mate. Akamkumbatia fahali shingoni, akalia.

Polisi walimkuta hapohapo. Mmoja akaisoma chapa, akaandika. Mwingine akamfunga pingu.

"Aliyewatuma yuko wapi?"

Ryoba alitazama upande wa Musoma.

"Yuko njiani," akasema. "Haachagi mtu."