Biskuti za Jumamosi Asubuhi

Saa nne na dakika ishirini, Jumamosi asubuhi, fundi bomba alitoka mbio kwenye nyumba ya ghorofa ya pili akipiga mayowe. Alikuwa ameitwa kuziba bomba la jikoni. Alikuta mlango umerudishiwa tu, na mama mwenye nyumba yuko chini kando ya sinki, kisogo kimepasuka.

Kufikia saa sita fundi huyo alikuwa ametiwa pingu. Jirani aliapa kuwa saa nne kasoro robo alisikia harufu ya biskuti zikiokwa kwa marehemu. Basi mama alikuwa hai wakati huo, na baadaye hakuingia mtu ila fundi. Mume, mkata vitambaa katika kiwanda cha nguo, alikuwa kazini tangu saa mbili. Wenzake watatu walimshuhudia.

Inspekta, mwanamke asiye na haraka, hakuridhika.

"Oveni ulizima wewe?" alimuuliza fundi.

"Afande, sikugusa kitu! Nilipomwona mama wa watu pale chini, nilitoka mbio."

Lakini biskuti kwenye trei iliyokuwa bado ndani ya oveni hazikuungua. Zilikuwa zimetambaa zikashikana kuwa bamba moja, vipande vya chokoleti vimezama ndani. Inspekta alimwonyesha mdogo wa marehemu ile trei.

"Hizi si za dada," alisema yule binti. "Dada huwasha oveni kwanza, ikapata moto barabara. Ukiweka unga kwenye oveni baridi, siagi inayeyuka kabla biskuti hazijashika. Kanigombeza mara ngapi kwa hilo!"

Inspekta aliinama akaisoma saa ya oveni. Ilitegwa iwake saa tatu na nusu, ijizime saa nne. Akaagiza mume aletwe.

"Bwana, ulisema ulimwacha mkeo akichanganya unga."

"Ndiyo, afande. Saa mbili kasoro robo."

"Huo unga uliuchanganya wewe. Ukaweka trei kwenye oveni baridi, ukaitega, ukaenda kazini ili harufu ikutetee. Daktari anasema huenda alikufa tangu saa moja. Nani alikufundisha kupika?"

"Miaka kumi na tisa namwona akizipika kila Jumamosi."

"Ulimwona. Hukuwahi kumsaidia."

Shemeji mtu akamsogelea, macho makavu.

"Ulimfanya nini dada yangu?"

"Alikuwa amefunga begi," mume alisema, akitazama viatu vyake. "Kanikabili pale kwenye sinki, ananiambia amechoka kupigwa, anaondoka leo. Nikamwambia haendi popote. Nikamsukuma. Alipojaribu kuinuka…"

Inspekta aliagiza fundi afunguliwe, na pingu zile zile zikafungwa mikono mingine. Mume aliteremshwa ngazi, majirani wakimpisha.

Mdogo wa marehemu alibaki amesimama katikati ya jiko.

"Alikuwa anakuja kwangu," alimwambia inspekta. "Nilishamtandikia kitanda."